Haki ya Kukataa: Wimbo Unapoingia Katika Tangazo

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wanamuziki wenzangu, mameneja, na ninyi wasikilizaji ambao bila ninyi tungekuwa watu wanaojiimbia vyumbani mwao, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo mwanamuziki huanza kuulizwa siku ile wimbo wake unaposikika kwa mara ya kwanza ndani ya tangazo la biashara: je, amejiuza?

Neno lenyewe lina nyuso mbili katika lugha yetu. Wahenga waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walikuwa wanakisifu kitu ambacho ubora wake unatosha kumleta mnunuzi bila kelele. Lakini mtu akikunong'oneza kwamba fulani amejiuza, hamsifu. Anakuambia kwamba huyo fulani amepokea fedha na kutoa kitu ambacho hakikupaswa kuwekwa sokoni. Tangazo la biashara limekaa katikati ya nyuso hizo mbili, kwa kuwa hukichukua kitu kinachojiuza chenyewe, yaani wimbo mzuri, na kukipa kazi ya kutembeza kitu kingine. Ndiyo maana ugomvi juu yake hauishi, na ndiyo maana watu wenye heshima zao wanatofautiana.

Msimamo wangu nitausema mapema ili mnisikilize mkiujua. Sioni usaliti katika kulipwa. Mtunzi ni mfanyakazi, na mfanyakazi hustahili ujira wake. Usaliti ninaouogopa hutokea pale mwanamuziki anapouza, pamoja na wimbo, uwezo wake wa kusema hapana: hapana kwa bidhaa fulani, hapana kwa maneno kubadilishwa, hapana kwa miaka isiyo na mwisho. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliuuza uwezo huo, na naomba niwaeleze ilivyokuwa.

Miaka mingi iliyopita nilitunga wimbo wa kumwomboleza dada yangu mkubwa. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na katika siku zake za mwisho sisi wadogo zake tulikaa naye usiku kwa zamu, ndipo kiitikio kikaja chenyewe: "Lala, dada, tutakesha sisi." Wimbo huo ulipata wasikilizaji wake polepole. Watu waliuimba katika misiba yao, wakiweka mahali pa dada kaka, mama, au jina la marehemu, nami sikuona ubaya, kwa maana waliubadilisha kwa huzuni ileile iliyouzaa. Kisha ikaja kampuni ya magodoro kupitia wakala wake wa matangazo, na walichotaka kilikuwa kiitikio peke yake. Nilitia saini nikiwa nimesimama kwenye korido ya ofisi yao, karatasi nimezibana ukutani kwa mkono wa kushoto. Ukurasa wa nne sikuusoma. Ukurasa huo ndio uliosema kwamba mnunuzi ataruhusiwa kurekebisha maneno kwa kadiri atakavyoona inafaa, na kwamba ruhusa hiyo haina kikomo cha muda.

Walichorekebisha kilikuwa silabi mbili tu. Neno dada lina silabi mbili, na jina la godoro lao nalo lilikuwa na silabi mbili, kwa hiyo waliliondoa moja na kuliweka lingine bila kugusa mahadhi wala pigo hata moja. Mwimbaji waliyemtumia aliimba vizuri, na kwa upande wa ufundi sina la kulaumu. Fedha zilifika zote na kwa wakati, nazo zililipa karo ya watoto wawili walioachwa na dada yangu hadi walipomaliza shule. Hilo sijalijutia hata siku moja, na yeyote atakayeniambia kwamba karo ile ilikuwa na doa atanikuta sina subira naye.

Nilichokijutia nilikiona mwaka uliofuata, katika msiba wa jirani. Waombolezaji waliuanza wimbo ule kama walivyozoea, nami nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mbele yangu alikuwapo mtoto wa miaka kama sita, ameshika upindo wa nguo ya mama yake. Kiitikio kilipofika, watu wazima waliimba "dada", na yeye kwa sauti nyembamba, safi, iliyoshika mahadhi barabara, akaimba jina la godoro. Mama yake alimbana bega. Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli, kwa sababu kwake yeye hivyo ndivyo wimbo ulivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba sawasawa, na wakubwa ndio waliokuwa wakikosea maneno.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuelewa ni kitu gani hasa nilichokiuza, na nimegundua kwamba wengi wanaotushutumu, na wengi wetu tunaoshutumiwa, hatujui vizuri biashara hii inavyokwenda. Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na mahadhi, ambao kwa kawaida husimamiwa na kampuni ya uchapishaji wa muziki. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile tunayoiita masta, ambayo mara nyingi humilikiwa na kampuni iliyogharamia kazi ya studio. Mwenye tangazo anayetaka kuuoanisha wimbo na picha zake anahitaji leseni ya pande zote mbili, na kila upande hutoza ada yake. Akinyimwa masta lakini akapewa utunzi, anaweza kumwajiri mwimbaji mwingine aurekodi wimbo upya, kama walivyofanya watu wa godoro. Kwa hiyo sauti mnayoifahamu na jina mnaloliona kwenye jalada huenda havimo kabisa katika mazungumzo hayo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1987, kampuni ya Nike ilipoutumia wimbo wa The Beatles uitwao "Revolution" kuuza viatu vya michezo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa rekodi halisi ya kundi hilo kusikika katika tangazo la televisheni nchini Marekani, na mashabiki wengi walikasirika. Walimkasirikia nani? John Lennon, aliyeuandika wimbo huo, alikuwa ameuawa mwaka 1980. Yeye na mtunzi mwenzake katika kundi, Paul McCartney, walikwishapoteza udhibiti wa utunzi wao mwaka 1969, kampuni ya ATV ilipoinunua Northern Songs, kampuni iliyosimamia nyimbo zao, na mwaka 1985 Michael Jackson aliinunua hazina hiyo ya ATV, ikiwa na nyimbo zipatazo 250 za The Beatles, kwa dola milioni 47.5. Masta ilikuwa mikononi mwa kampuni ya kurekodi. Yoko Ono, mjane wa Lennon, aliliunga mkono tangazo. Apple, kampuni ya The Beatles wenyewe, ilifungua kesi, na shauri hilo likamalizika nje ya mahakama mwaka 1989. McCartney alikuwa hai, mzima, bado anaimba, na juu ya utunzi uliobeba jina lake hakuwa na kura. Kumwita msaliti kungekuwa sawa na kumlaumu mtu kwa kuuzwa nyumba ambayo hati yake iko kabatini kwa mwingine.

Na hao walikuwa matajiri. Solomon Linda, aliyerekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, aliiachia kampuni haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima kwa majina mengine, mwenyewe akafariki maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Ninapomsikia mtu akisema kwamba wanamuziki wa zamani hawakujiuza, humkumbuka Linda, ambaye hakupewa hata nafasi ya kujiuza.

Tena jambo hili ni la kale kuliko redio. Joseph Haydn alipoajiriwa na ukoo wa kitajiri wa Esterházy mwaka 1761, mkataba wake ulimtaka avae sare ya watumishi wa jumba, atunge muziki wowote atakaoamriwa na bwana wake, na asimpe mtu mwingine nakala ya kazi hizo. Mkataba mpya wa mwaka 1779 uliliondoa katazo hilo la mwisho, naye akaanza kushughulika na wachapishaji wa nje. Hakuna anayesimama leo kusema kwamba muziki wa Haydn umechafuka kwa sababu alikula mshahara wa jumba lile. Lakini ukiisoma mikataba ile miwili, utaona kwamba katika wa pili kuna mtu anayeamua muziki wake uende wapi, na katika wa kwanza mtu huyo hayumo.

Wako waliokuwa na uwezo wa kukataa na wakautumia, na hapa naomba tukae kidogo. Kundi la The Doors lilikuwa na mapatano yasiyo ya kawaida: waligawana mapato sawasawa kwa wote wanne, na kila mmoja wao alikuwa na kura ya turufu. Mwaka 1968, mwimbaji wao Jim Morrison akiwa hayupo, wenzake watatu walikubali "Light My Fire" utumike kutangaza gari la Buick. Morrison aliporudi alighadhibika hadi akatishia kulivunja gari la aina hiyo kwa nyundo mbele ya kamera za televisheni, na mpango ukafa. Zingatieni kwamba wimbo huo kwa sehemu kubwa ulitungwa na mpiga gitaa, Robby Krieger. Morrison alifariki mwaka 1971, na miongo kadhaa baadaye mpiga ngoma, John Densmore, ndiye aliyeishikilia kura ile. Watengenezaji wa magari ya Cadillac waliahidi dola milioni 15, wenzake wakataka kukubali, yeye akakataa, na kukataa kwake kukawa sehemu ya mgogoro uliowafikisha mahakamani marafiki wa ujanani. Densmore alisimulia kwamba waliwahi kuruhusu wimbo wao mmoja utumike katika tangazo la matairi nchini Uingereza, na kwamba fungu lake alilitoa lote kwa misaada.

Namheshimu sana Densmore. Hata hivyo, sitamwita Krieger msaliti kwa kutaka kuuza wimbo alioutunga mwenyewe, na sitawaruhusu vijana walio humu ndani waondoke wakidhani kwamba ujasiri hupimwa kwa ukubwa wa fedha zilizokataliwa. Kinachonivutia mimi ni lile pendekezo la vijana wanne wasiojulikana, kabla ya gari na kabla ya mamilioni, kwamba hakuna mmoja wao atakayeburuzwa na wengine. Waliliweka jambo hilo sawa walipokuwa hawana kitu cha kugombania, na karatasi yao ikaendelea kufanya kazi miaka thelathini baada ya mmoja wao kuzikwa.

Kukataa nako kunaweza kupuuzwa. Mwimbaji wa Marekani Bette Midler alipoombwa aimbe tangazo la magari ya Ford, jibu lilikuwa hapana. Wakala wa matangazo alikuwa na leseni ya utunzi, akamwajiri mwimbaji aliyewahi kumwitikia Midler jukwaani, akamwagiza aimbe kama yeye. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kwamba sauti ya mwimbaji mashuhuri ni sehemu ya utu wake na haiigwi kwa makusudi ili kuuzia bidhaa. Mwaka huohuo kampuni ya Frito-Lay ilirusha tangazo la redio la vitafunio vya Doritos kwa sauti iliyoiga ile ya Tom Waits, mwimbaji mwenye sauti ya mkwaruzo ambayo huwezi kuifananisha na nyingine, na ambaye alikuwa amesema wazi kwamba haimbi matangazo. Wimbo waliouchukua kama kielelezo alikuwa ameutunga kuwakejeli wachuuzi wenye ahadi tamutamu. Baraza la mahakama lilimpa fidia iliyozidi dola milioni 2 mwaka 1990, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha sehemu kubwa ya hukumu hiyo mwaka 1992. Kilichokuwa mezani katika kesi zote mbili hakikuwa kiwango cha malipo. Walikuwa wamesema hapana, na mtu mwingine akaigeuza kuwa ndiyo kwa koo la kuazima.

Sasa nije kwa wale waliosema ndiyo, maana hao ndio wanaoshutumiwa. K'naan alizaliwa Mogadishu na kuondoka Somalia na familia yake mwaka 1991, vita vilipokuwa vimeufikia mji. Wimbo wake "Wavin' Flag", uliotoka katika albamu ya mwaka 2009, unazungumza kwa niaba ya watu waliokimbizwa na vita hivyo. Beti zake zina umaskini, zina mapigano, zina ahadi za uhuru zinazocheleweshwa, na bendera inayopepea katika kiitikio ni ya mtoto anayengoja kukua ili awe na nguvu. Coca-Cola waliuchagua uwe wimbo wa kampeni yao ya Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Kiitikio kikabaki karibu kama kilivyokuwa, lakini beti zikaandikwa upya: vita vikatoka, umaskini ukatoka, shangwe za uwanjani zikaingia. Wimbo huo uliimbwa na mamilioni ya watu, na mwaka huohuo kiitikio kilekile kilirekodiwa tena na wasanii wa Kanada, K'naan akiwamo, kuchangia wahanga wa tetemeko la Haiti.

Nimeufikiria mfano huu zaidi ya mwingine wowote, na bado siwezi kuutolea hukumu nyepesi. Aliyezibadilisha beti alikuwa mwenye beti. Wimbo wa awali uko palepale katika albamu yake kwa yeyote anayeutaka. Kijana wa Mogadishu alisikika katika nchi ambazo zisingelifungua mlango kwa wimbo wa wakimbizi, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, kila nikiisikia ile bendera ikipepea bila vita nyuma yake, namkumbuka yule mtoto wa msibani. Wapo watu wengi mno ambao kwao bendera hiyo ni ya mpira, na hawakosei. Ndivyo walivyofundishwa wimbo. Mwaka 2012 K'naan mwenyewe aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu jinsi alivyojikuta akipunguza makali ya maneno yake ili yakubalike kwa wasikilizaji wa redio za Marekani, na aliandika kwa uchungu. Sijasoma maandishi ya mwanamuziki yaliyonigusa kama hayo, kwa sababu hakumsingizia mtu. Alieleza jinsi mkono wa mtu unavyoanza kujizuia wenyewe kabla hata mnunuzi hajasema neno.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ambayo mkataba hauwezi kuizuia. Mtunzi aliyewahi kulipwa vizuri na tangazo anaweza kukaa na gitaa lake siku nyingine, na bila kujua akaanza kutunga kiitikio kinachoweza kukatwa katika sekunde thelathini, chenye furaha isiyo na sababu, chenye maneno yanayofaa kuunganishwa na chochote. Nimezisikia nyimbo za namna hiyo, na baadhi nimezitunga mimi. Hazina kosa ambalo mtu anaweza kulinyooshea kidole, ila hakuna mtu atakayezihitaji usiku wa mgonjwa.

Upo upande mwingine, na ingekuwa dhuluma kuuficha. Nick Drake alirekodi albamu tatu Uingereza, watu wachache wakazinunua, naye akafariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26. Mwishoni mwa mwaka 1999 Volkswagen waliutumia wimbo wake "Pink Moon" katika tangazo lililoonyesha vijana wanne wakiendesha gari la wazi usiku chini ya mbalamwezi, wakafika kwenye sherehe, wakatazamana, kisha wakageuza gari na kurudi barabarani. Hakuna sauti ya mtangazaji iliyoufunika wimbo huo, hakuna neno lililoguswa, na sauti ya Drake ilisikika jinsi alivyoiacha studioni. Baada ya tangazo hilo albamu yake iliuzwa kwa wingi ambao haikuwahi kuufikia katika uhai wake. Drake hakuulizwa, ni kweli, kwa kuwa hakuwepo wa kuulizwa; lakini waliosimamia urithi wake waliuachia wimbo ukiwa mzima, na watu waliofuata sauti ile hadi kwenye albamu walikuta palepale kile walichokisikia.

Mwanamuziki wa Marekani Moby alikwenda mbali zaidi. Albamu yake "Play" ya mwaka 1999 ilianza kwa mauzo hafifu, na nyimbo zake zote 18 zikapewa leseni ya kutumika katika filamu, televisheni au matangazo, hadi ikauza zaidi ya nakala milioni 10. Wakosoaji walimshambulia kwa wingi wa leseni zenyewe, na mimi nadhani waliitazama sehemu isiyo na uzito. Baadhi ya nyimbo hizo zimejengwa juu ya sauti za waimbaji weusi wa Marekani zilizorekodiwa miongo mingi kabla, mmojawapo akiwa Vera Hall wa Alabama, aliyefariki mwaka 1964. Moby angeweza kukataa tangazo lolote. Vera Hall, ambaye sauti yake ndiyo roho ya mmoja wa nyimbo hizo, hakuwa na mahali pa kukataa wala pa kukubali. Mkitaka kuuliza swali gumu juu ya albamu hiyo, ulizeni hilo.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya watu walioshiba, na wana haki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mapato ya muziki uliorekodiwa yalishuka duniani kwa takriban miaka 15 kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, na leo usikilizaji mmoja kwenye mitandao ya muziki humletea mwenye haki sehemu ndogo tu ya senti moja ya dola, ambayo bado itagawanywa. Kwa mwanamuziki wa kawaida, ada ya tangazo moja inaweza kuzidi mapato ya miaka kadhaa ya kusikilizwa. Tusi la kujiuza lilipata nguvu wakati rekodi zilipokuwa zinauzwa na msanii aliweza kuringa. Kulitumia leo dhidi ya kijana anayelipa kodi ya chumba kwa gitaa lake ni ukatili, na mara nyingi hutolewa na watu ambao hawajawahi kununua hata wimbo wake mmoja. Mashabiki tuwaambie hivyo, kwa adabu.

Na wako wanaosema kwamba wimbo ukishatoka ni mali ya msikilizaji, kwamba mtu aliyeuimba siku ya harusi yake au alipomzika mzazi wake ana sehemu ndani yake ambayo mtunzi hana ruhusa ya kuiuza. Kisheria hana kitu. Lakini mimi niliyesimama nyuma ya mtoto yule siwezi kusema kwamba hana kitu kabisa. Waombolezaji wale walikuwa wameulea wimbo wangu kwa miaka, wameupa majina ya marehemu wao, na mimi nikaenda kwenye korido nikauza kitu walichokuwa wakikitumia, bila kuwaza kwamba wapo. Nisingeweza kuwaomba ruhusa wote. Ningeweza kuusoma ukurasa wa nne.

Kwa hiyo, vijana, mkiletewa karatasi, kaeni chini. Ulizeni wimbo utauza nini, na mtaje kwa maandishi vile ambavyo hamko tayari kuvitembeza, maana mnunuzi wa leo anaweza kuwa na bidhaa nyingine kesho. Ulizeni muda, mwaka mmoja au miwili inatosha kwa kampeni nyingi, na maneno "duniani kote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, milele" yana bei yake, ambayo mara nyingi haimo katika kiasi kilichoandikwa hapo juu yake. Dai kuliona tangazo kabla halijarushwa. Juu ya yote, kifungu cha kubadilisha maneno kifuteni kwa kalamu mbele ya macho yao, na kama hawataki kifutwe, basi mjue kwamba hicho ndicho walichokuja kununua. Mkiwa na meneja, mwambieni asikubali lolote juu ya maneno bila ninyi. Adam Yauch wa kundi la rap la Beastie Boys aliandika katika wosia wake kwamba muziki wake usitumike katika matangazo baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 2012, na mwaka 2014 wenzake walishinda kesi ya dola milioni 1.7 dhidi ya kampuni ya vinywaji ya Monster iliyotumia nyimbo zao bila ruhusa. Mtu anaweza kukataa hata akiwa kaburini, iwapo alijiwekea akiba ya kukataa.

Mwenyekiti ameniomba nimalizie kwa wimbo, na ametaja ule. Sikutarajia, lakini nimekubali. Mkataba wangu bado unaendelea na utaendelea nisipokuwepo, ingawa tangazo lenyewe liliacha kurushwa zamani. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na huenda bado anaimba jina lile bila kukumbuka lilitoka wapi. Katika miaka hii nimejifunza kuuimba kwa namna moja tu. Mpiga gitaa yuko tayari hapa kando yangu. Nitaimba beti zote tatu, na kila tutakapofika kwenye kiitikio mimi nitanyamaza na yeye atapiga mahadhi peke yake, na mahali pa zile silabi mbili kila mmoja wenu aweke jina analolijua.